Kisanduku cha Nakubali

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya kwanza ya kozi ya kompyuta. Vita vimeanza saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Nieleze hali, ili vizazi vijavyo visije vikasema sikuonya. Nina miaka hamsini na mbili. Nafundisha historia sekondari. Nimebakiza kozi moja tu nipate shahada, nayo ni Utangulizi wa Kompyuta, ambayo nimeikwepa kwa miaka sita kwa hoja ambazo hakuna aliyewahi kuzijibu. Sasa haikwepeki. Naibu mkuu wa shule yetu anastaafu mwezi wa saba. Mkuu wa shule ameniambia waziwazi kwamba kiti ni changu, ila shahada iwe mezani kwake kabla ya hapo. Isipokuwapo, kiti anapewa mwalimu wa michezo. Mwalimu wa michezo! Mtu aliyesoma kitabu kimoja maishani mwake, nacho ni cha sheria za mpira wa wavu. Mtu anayefungua mkutano wa walimu kwa filimbi.

Maabara iko ghorofa ya pili. Kompyuta thelathini, viti ishirini na nane. Zulia liliwahi kulowa likakauka vibaya. Mle ndani mimi ndiye mkubwa kuliko wote, ukiacha feni.

Mhadhiri ni binti wa umri wa binti yangu wa kwanza. Sauti ndogo, viatu vya raba. Alisema kila mwanafunzi atafunguliwa akaunti yake na nywila yake, na kazi zote zitapitia humo. Kumbe kuna sharti. Kabla akaunti haijafunguka, skrini inakuletea kitu kinachoitwa Tamko la Uadilifu wa Mwanafunzi, na chini yake kisanduku cha kuwekea alama: Nakubali.

Damu ikanichemka. Uadilifu! Mimi! Nimeandika barua mia mbili na tisa kwenye magazeti kuhusu uadilifu, nyingine zikachapishwa. Kumwapisha mtu uaminifu kabla hajafanya lolote ni kumshtaki kabla hajaiba. Nilisimama. Nilieleza hayo kwa dakika kumi na mbili, nikianzia na wafalme wa kale. Vijana walisikiliza kwa makini, wengine walinielekezea simu zao.

Nilipoketi, shemeji yangu alikuwa tayari ndani ya akaunti yake. Huyu ni mdogo wake mke wangu, karani wa masjala hospitalini, naye anasoma kozi hii hii. Alikuwa amebonyeza Nakubali huku mimi bado niko kwenye wafalme. Watu wa namna hiyo ndio wanaoangusha mataifa.

Sikubonyeza. Akaunti sina. Dhamiri ninayo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepeleka pingamizi langu kwa maandishi, kurasa nne, kwa fundi wa maabara. Ni mtu mnene wa funguo nyingi ambaye wanafunzi humwita Bwana Nywila. Nilimweleza kwamba sikatai uadilifu, nakataa kulazimishwa. Nilidai pawe na kisanduku cha pili, Nakubali kwa Masharti, na cha tatu, Sikubali na Sababu ni Hizi, chenye nafasi ya kutosha.

Bwana Nywila alizipima zile kurasa nne mkononi bila kuzisoma. "Mzee wangu," akasema, "mimi nafungua akaunti na kutengeneza feni. Katiba siandiki."

Nilimuuliza anayeandika katiba ni nani. Akasema hajui, aliikuta. Nilimuuliza kama aliwahi kulisoma hilo Tamko lenyewe. Akasema ndiyo, ni fupi, akaniuliza na mimi kama nimelisoma. Nilimwambia kichwa chake kilinitosha. Mtu mwenye uzoefu husoma kichwa cha habari na kujua mwili.

Habari mbaya: zoezi la kwanza lilikuwa kufungua akaunti. Yaani lenyewe ndilo lilikuwa zoezi. Nimepata sifuri. Anayekosa mazoezi mawili anafutwa kwenye kozi, na kozi hairudi mpaka mwaka kesho.

Wanafunzi wamenipa jina. Naitwa Mzee Pingamizi. Nimelipokea kama heshima. Mke wangu anasema si heshima. Hatukuelewana.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimekisoma kitabu cha kozi mara mbili, kwa kalamu nyekundu mkononi. Mwandishi ana makosa ya hoja kwenye kurasa kumi na saba, lakini mambo ya kompyuta yenyewe anayajua. Nakiri nimeelewa. Ni mantiki tu. Ukiamuru vizuri, inatii. Natamani kidato cha tatu wangekuwa hivyo.

Zoezi la pili: andika programu inayopokea orodha ya majina na kuyapanga kwa alfabeti. Mwisho ni kesho saa kumi na mbili jioni. Naweza! Kichwani iko tayari. Lakini pa kuandikia sina, maana bila akaunti kompyuta za maabara haziniruhusu hata kusogeza mshale.

Wito wa kukubali kushindwa ulikuja na uji wa asubuhi. Mke wangu aliniambia nikabonyeze hicho kisanduku, yaishe. Nilimweleza kwamba nikibonyeza sasa, baada ya kurasa nne, nitakuwa kichekesho. Akasema hilo la kuwa kichekesho nisilihofie tena.

Mpango ukanijia. Shemeji ana akaunti. Anaitumia saa moja kwa siku. Saa nyingine ishirini na tatu imekaa bure, kama shamba la mtu aliyehama. Nilimpigia simu. Nilizungumzia kwanza afya yake, kisha undugu, kisha nikaomba nywila.

"Dada nilikupa," akasema, "na nywila nayo unaitaka?"

Akaongeza kwamba Tamko limekataza kumpa mtu nywila. Nilimwambia hilo ndilo tatizo la kusaini vitu: ukishasaini, wanakubana. Mimi sikusaini, kwa hiyo mimi hakuna nilichokatazwa. Nikampa simu mke wangu. Sijui dada mtu alisema nini kule jikoni, nilisikia tu neno "mwezi wa saba" na neno "nyumbani kwangu kutakalika vipi." Baada ya dakika tano nywila ilikuja kwa ujumbe.

Siiandiki hapa. Inatosha kusema kwamba inanihusu mimi, na haina adabu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku ya ushindi!

Niliingia maabara saa tisa alasiri. Nilisaini daftari la mahudhurio pale mlangoni. Kwenye safu ya maoni niliandika maoni. Nikaketi kompyuta ya pembeni, nikaingia kama shemeji. Hakuna aliyestuka, hata mashine.

Programu yenyewe ilinichukua dakika arobaini. Mistari tisa! Nilijaribu kwa orodha ya walimu wa shule yetu, na mwalimu wa michezo akatokea wa mwisho kabisa. Nilirudia mara nne. Wa mwisho kila mara. Sikuingilia kati. Ni sayansi.

Ndipo nikakumbuka jambo nililosoma kwenye sura ya tatu. Ukitanguliza alama fulani mwanzoni mwa mstari, mashine inaupita bila kuushughulikia. Mistari hiyo ni maelezo, kwa ajili ya mwanadamu atakayesoma baadaye. Nilikaa nikalitafakari. Maisha yangu yote nimekuwa nakatizwa. Wahariri wananikata, wenyeviti wa mikutano wananikata, mke wangu ananikata kabla sijaanza. Na hapa kuna mahali ambapo mtu anaweza kusema lote, na mashine inasubiri kwa adabu hadi amalize.

Niliandika mistari mia mbili thelathini na moja ya maelezo. Mistari arobaini ya kwanza ni juu ya Tamko. Kuanzia wa arobaini na moja hadi wa tisini na saba namshughulikia mwalimu wa michezo. Baada ya hapo ni elimu kwa ujumla, pamoja na neno kidogo kuhusu zulia.

Nililiita faili zoezi2, kama tulivyoagizwa, nikalihifadhi kwenye folda iitwayo Kuwasilisha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele yangu. Mashine ikauliza: Kuna faili lenye jina hili. Liwekwe jipya badala ya la zamani? Jipya badala ya la zamani! Nimelipigania hilo miaka thelathini. Nikabonyeza Ndiyo. Nikachapa nakala ya karatasi, kurasa sita, nikaandika jina langu juu yake kwa wino, nikaisukuma chini ya mlango wa mhadhiri saa kumi na moja na nusu. Nusu saa kabla ya muda! Kwa mkono wangu! Kazi yangu mwenyewe, neno kwa neno!

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu aliuliza nimefanya nini.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Sielewi. Naandika ili nielewe.

Baada ya kipindi mhadhiri aliniomba nibaki. Alikuwa na mafungu mawili ya karatasi mezani. La kwanza ni langu. La pili ni lilelile, neno kwa neno, zulia likiwamo, ila limepokelewa na mtambo Ijumaa saa kumi na mbili kamili jioni kwa jina la shemeji yangu. Kwa sauti yake ndogo akaniuliza, samahani Mwalimu, kazi ya mwenzako umeipata wapi.

Kazi ya mwenzangu!

Nilimwambia asome mstari wa hamsini na nane: "Mwalimu wa michezo ni filimbi iliyovaa suruali." Nilimuuliza kama kuna binadamu mwingine chini ya jua anayeandika hivyo. Alikiri hajawahi kukutana naye. Lakini, akasema, rekodi inaonyesha faili limetoka kwenye akaunti ya mwenzangu, na mimi akaunti sina. Akaniuliza niliandikia wapi. Nilijibu kwamba hilo ni suala la kiufundi. Akaanza kunieleza jinsi mtambo unavyokusanya chochote kilichomo kwenye folda ya Kuwasilisha ifikapo saa kumi na mbili, lakini sikumsikiliza, maana ukweli ulikuwa umeshanipiga usoni.

Shemeji ameniibia!

Mambo yote yakajipanga. Aliliona faili langu kwenye akaunti yake. Alitambua ubora. Akalipeleka kama lake. Mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli! Mhadhiri amesema suala litakwenda Kamati ya Uadilifu, na kwamba atakayeonekana kanakili atafutwa kwenye kozi. Sikungoja. Nilipanda hadi ofisi ya katibu wa kamati nikaandika mashtaka palepale kwenye kaunta, kurasa tatu, kwa kichwa: Wizi wa Maandishi Ndani ya Familia. Katibu, mama mpole anayekula karanga, aligonga mhuri na kunitakia siku njema.

Nimeona vema nisimwambie mke wangu kwa sasa.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Siku mbaya.

Shemeji alikuja saa kumi, moja kwa moja kutoka kazini, kitambulisho cha hospitali bado shingoni. Hakusalimia. Alitoa karatasi ya rekodi za akaunti yake. Akauliza ni nani aliyekuwa kwenye akaunti yake Ijumaa kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na robo. Nilisema mimi, kwani tulikubaliana. Akauliza ni nani aliyefuta zoezi lake alilolimaliza Jumatano na kuliweka tayari kwenye folda. Nilisema simjui. Akauliza kama mashine iliniuliza lolote wakati nahifadhi.

Hapo nikaomba maji.

Kwa hiyo hali ni hii. Nilimfutia shemeji kazi yake. Nikaweka yangu mahali pake. Mtambo ukaipeleka kwa jina lake. Kisha nikamshtaki kwa kuiiba. Nilijieleza hivyo mara tatu, nikianza kila mara kutoka upande tofauti. Mara zote nilifika palepale.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, na mashtaka yenyewe amekwisha kuyasikia, maana nakala ilipelekwa kwa mshtakiwa kama utaratibu unavyotaka. Nilijaribu kueleza kwamba kosa ni la mashine, haikusisitiza vya kutosha. Akasema: "Baba Watoto, ukitaka kumzamisha ndugu yangu ili wewe uelee, sema mapema nikutafutie pa kulala."

Huo ndio mtego ulioninasa. Nikithibitisha kazi ni yangu, nimethibitisha kwamba shemeji aliwasilisha kazi isiyo yake na aligawa nywila, anafutwa yeye, na mimi sina nyumba. Nikikaa kimya, mwenye kazi ni shemeji, mimi ndiye mnakili, nafutwa mimi, na mwezi wa saba filimbi inakalia kiti changu.

Nilikimbia kwa katibu kuomba karatasi zangu. Akasema iliyogongwa mhuri hairudi. Karanga zilikuwa zimeisha, na upole pia.

Basi nikaandika barua ya pili, hapohapo. Nilieleza kwamba mimi na shemeji sote tumeonewa na mtu wa tatu asiyejulikana, aliyeingia maabara na kuvuruga mafaili. Niliona ni vizuri kusaidia uchunguzi kwa maelezo kidogo. Mtu mrefu, niliandika. Amevaa nguo za michezo. Huenda alikuwa na filimbi.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Kamati. Chumba chenye meza ndefu na jagi moja. Watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni profesa, mama mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, mhadhiri wetu, na Bwana Nywila na funguo zake. Shemeji alikaa kiti cha mbali kuliko vyote na bado akakisogeza.

Mwenyekiti alianza kwa kusoma kazi yenyewe kwa sauti. Aliisoma yote. Kusema kweli, kwa muda nilisahau niko pale kwa nini. Sijawahi kusikia maneno yangu yakisomwa na mtu mwenye sauti kama ile. Alipofika kwenye filimbi iliyovaa suruali, Bwana Nywila alikohoa na kugeukia dirisha. Mara mbili mwenyekiti aliruka mkato, nikamsahihisha kwa heshima zote.

"Kwa hiyo," akasema akivua miwani ya machoni na kuvaa ya kichwani, "mwandishi ni wewe."

Nimetegwa kwa sifa! Nilisema hapana. Kisha nikasema ndiyo. Kisha nikasema inategemea swali linaulizwa kwa nia gani. Shemeji alifunika uso.

Barua zangu mbili zikawekwa mezani sambamba. Katika ya kwanza mwizi ni shemeji. Katika ya pili mwizi ni mtu mrefu. Mwenyekiti aliuliza mtu mrefu yuko wapi. Nilisema upelelezi si kazi yangu. Bwana Nywila akafungua daftari la mahudhurio la Ijumaa. Saa tisa alasiri palikuwa na sahihi moja tu, na mbele yake, kwenye safu ya maoni, maoni ya mistari minane ambayo yalikuwa yametambaa hadi kwenye siku ya Jumamosi.

Nikanyamaza. Mke wangu haamini sehemu hii.

Ndipo shemeji akasimama, bila kuitwa. Akasema mambo ni mepesi. Yeye alitoa nywila, akijua haifai. Mimi niliandika, kwa kichwa changu. Hakuna aliyenakili kwa mwenzake. Lakini kazi yake yeye imepotea, akasema, nayo ilikuwa nzuri. Akaketi. Sentensi tano hivi! Nilishangaa mtu anavyoweza kusema jambo na kuacha.

Mhadhiri naye akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema ile mistari tisa ni sahihi kabisa. Kwamba ni nadhifu. Kwamba ningebonyeza kisanduku siku ya kwanza, ningekuwa na alama ishirini kati ya ishirini. Kisha akaniuliza ni sentensi gani hasa ndani ya Tamko ninayoipinga.

Mwenyekiti akanisogezea nakala, akaniambia nisome kwa sauti.

Ni sentensi tano. Kazi yako iwe yako. Nywila yako usimpe mtu wala usitumie ya mwingine. Jadiliana na wenzako, lakini kila mmoja aandike mwenyewe. Ukisaidiwa, mtaje aliyekusaidia. Ukiwa na shaka, uliza kabla, si baada.

Basi! Hakuna wafalme. Hakuna kiapo. Ni mambo ninayowaambia kidato cha kwanza kila Januari. Nilisoma mara ya pili nikitafuta kilichonikasirisha. Nilimuuliza mwenyekiti kama kuna ukurasa mwingine. Akasema hakuna.

Uamuzi: kila mmoja wetu aandike maelezo ya ukurasa mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, peke yake, akieleza alichokosea na atakavyofanya. Yafike kwa mwenyekiti kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi, kila mmoja kupitia akaunti yake. Yakiridhisha, sote tunarudia zoezi na kozi inaendelea. Yasiporidhisha, tunafutwa sote wawili. Mwenyekiti alirudia "kwa maneno yake mwenyewe" mara mbili, akinitazama mimi. Nadhani alikuwa anadokeza kwamba kwangu hilo si tatizo.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Mambo yamekaa sawa! Nimetulia kama mtu aliyeshusha gunia.

Juzi nilibonyeza kisanduku. Nakubali. Bwana Nywila alisimama nyuma yangu kama shahidi wa ndoa. Nina akaunti sasa, na nywila yangu, ambayo haimtukani mtu yeyote wa familia.

Leo asubuhi baada ya chai nilimaliza maelezo yangu. Mwenyekiti alitaka ukurasa mmoja, nikampa tisa, kwa sababu majuto yenye ukurasa mmoja hayaaminiki. Nimetubu kwa mpangilio. Kosa, chanzo chake katika historia, athari zake kwa jamii, njia ya mbele. Sijawahi kuandika vizuri namna hii. Mke wangu alisoma ukurasa wa kwanza akasema angalau mwalimu wa michezo hayumo. Yumo kwenye wa saba.

Saa sita shemeji alikuja na karatasi yake, kumwonyesha dada yake kabla ya kuituma. Tulisalimiana. Nilimwomba niione. Yote ilikuwa hivi: "Nilimpa shemeji yangu nywila yangu ingawa nilijua imekatazwa. Nilimwonea aibu dada yangu. Sitarudia, na naomba nirudie zoezi langu."

Sentensi tatu! Huyu ni mtu aliyezoea kuandika "mgonjwa amepokelewa" na kufunga jalada. Nilimweleza kwa upole kwamba akipeleka kikaratasi kile, tumekwisha. Kamati itaona dharau. Na akifutwa yeye nafutwa na mimi, ndivyo uamuzi ulivyosema. Alisema yeye ameridhika nayo. Alisema tumeambiwa kila mtu aandike mwenyewe. Nikamfafanulia, maana sasa Tamko nalijua kwa kichwa: linazungumzia mazoezi, na hili si zoezi, ni msamaha. Halafu kuna jambo la haki. Nilimfutia kazi yake moja kwa uzembe. Nina deni la kumwandikia nyingine, tena bora zaidi.

Akatazama saa. Akasema zamu yake inaanza saa nane. Akasema nifanye nitakavyo ila yeye hajasema ndiyo. Sikumbuki alisema ndiyo lini, lakini pia sikumbuki akinipokonya kalamu.

Basi nimeandika. Ilinitoka kama maji! Kwenye yangu nilibanwa na ukweli wa mambo. Kwenye yake nilikuwa huru. Nimempa utoto wa taabu. Nimempa mashaka ya dhamiri njiani kuelekea kazini. Kuna aya kuhusu folda iliyo tupu ambayo hata mimi ilinitoa machozi. Kurasa kumi na moja. Zile sehemu za historia na jamii nimezichukua kutoka kwenye yangu jinsi zilivyo, kwa kuwa ukweli ni uleule, hauna haja ya kubadilishiwa nguo kila nyumba.

Shemeji alipiga simu kutoka hospitalini saa kumi kusema kwamba amefikiri, na atatuma zile sentensi zake tatu kutoka kwenye akaunti yake. Nikamwambia asihangaike. Nimeshatuma zote mbili, zimeambatana, kutoka kwenye yangu, ili kamati isipate tabu ya kufungua mara mbili.

Simu ikakatika. Nadhani ni mtandao.

Nimeandika na salamu fupi kwa mwenyekiti. Nimemshauri kwamba kama muda ni mdogo, aanze na ya shemeji. Ndiyo niliyoiandika vizuri zaidi.